Kabla hujaenda kudai talaka: maswali ninayoulizwa Mwaloni na namna ninavyoyajibu

Tanzania Bara, mwenye mamlaka ya kuvunja ndoa ni mahakama peke yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi hapa Mwanza. Mama anafunga mabeseni yake na kuondoka kwa sababu mume ametamka talaka. Baba anaoa kwingine kwa sababu ukoo umekaa kikao Magu, ng'ombe wakarudishwa, wazee wakaagana. Wote wanaamini ndoa imekwisha. Miaka inapita, mmoja anafariki, mirathi inafunguliwa, na hapo ndipo familia inagundua kwamba mbele ya sheria ndoa ile haikuvunjika hata siku moja.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kabla ya hapo nilikaa ujumbe wa baraza la usuluhishi la kata, upande wa Ilemela, na kinachonilisha ni dagaa: nina kibanda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Wanaoniuliza hunifuata palepale. Sisimami mbele ya hakimu badala yako, hiyo ni kazi ya wakili. Kazi yangu ni kuhakikisha unafika kwa wakili au kwa hakimu ukijua unachodai na ukiwa umeshika karatasi zake. Sheria ninayoitegemea ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Vifungu nitavitaja kwa namba, ili mtu akikuambia ofisini kwamba haiko hivyo, mfungue kitabu mkisome pamoja.

"Amenitamkia talaka tatu. Si nimeachika?"

Kwa dini yako, muulize shehe wako. Kwa sheria ya nchi, bado. Lakini sheria haikuidharau talaka ya Kiislamu, imeipangia mahali pake. Kifungu cha 107(3) kinasema hivi: kama ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza likajaribu kuwapatanisha likashindwa na kulithibitisha hilo, kisha mmoja wenu akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na itatoa talaka. Angalia mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwisho. Wengi huanza na talaka, wakaja kulitafuta baraza wakati mambo yameshaharibika. Karatasi ya talaka aliyokuandikia usiichane kwa hasira. Itunze, ni ushahidi.

Kwa Mkristo jibu linageuka upande wa pili. Wapo kina mama wanaoambiwa kwamba kanisa halina talaka, kwa hiyo mahakama haiwezi kuwasikiliza. Inaweza. Namna kanisa litakavyokutazama baada ya hapo ni jambo la kuzungumza na padri au mchungaji wako.

Na kwa waliooana kimila, swali la ng'ombe. "Baba hana ng'ombe wa kurudisha, nitaachikaje?" Mahakama haisubiri ng'ombe. Hata ndoa yenyewe, kifungu cha 41 kinasema haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Madai ya mahari kati ya koo mbili yana njia yake, yasikufanye ubaki kwenye nyumba unayoteswa ili baba yako asidaiwe.

Baraza: hatua ambayo kesi nyingi huangukia

Hapa nitakaa kidogo. Nililikalia baraza na najua linavyokwenda, na najua watu wanavyolichukulia kama kituo cha kupita tu.

Kifungu cha 101 kinakataza mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa. Mabaraza haya yako kwenye kata, na taasisi za dini nazo zinaweza kuwa na ya kwao: BAKWATA wanalo, makanisa pia. Baraza halali lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kikao cha wajomba na mashangazi sebuleni ni kizuri, pengine kitawapatanisha, lakini hakitoi hati. Vivyo hivyo mwenyekiti wa mtaa akikaa nanyi peke yake.

Baraza litamwita mwenzako, litawasikiliza wote, na linaweza kuahirisha liwape muda. Halina uwezo wa kuvunja ndoa, kugawa nyumba wala kukupa watoto. Mtendaji akikuambia "hapa tunamaliza kila kitu", usikubali. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati kwa fomu iliyowekwa na kanuni, Fomu Na. 3, ikiwa na maoni ya baraza. Isome kabla hujatoka mlangoni. Majina yenu yote mawili yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa au kitambulisho. Iseme wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Iwe na tarehe, sahihi na muhuri. Nimeona barua zilizoandikwa "Kwa yeyote anayehusika, wahusika wafike mahakamani kwa hatua zaidi", bila neno hata moja kuhusu usuluhishi. Barua ya namna hiyo ni hatari kwako. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta shauri zima la talaka kwa sababu ya kasoro ya hatua hii, baada ya watu kupita mahakama za chini wakidhani wamemaliza. Fikiria kuanza upya na mtu ambaye ulishahesabu kwamba mmeachana.

Hati ina ukomo pia. Kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Usiichukue mwezi wa pili ukaiweka kwenye begi ukisubiri uvune mpunga na kuuza, ukaja kuitoa mwezi wa kumi.

Sasa la wavuvi. Mume yuko kambini Kome au Goziba, anaitwa na baraza, hatokei, mke anakata tamaa. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala na wavuvi wengi hurudi nchi kavu. Mwombe katibu wa baraza apange tarehe ndani ya siku hizo za mbalamwezi, na wito upelekwe kwa maandishi kupitia uongozi wa mwalo au mtendaji wa kijiji cha kule, nakala isainiwe kwamba umepokelewa. Akija, vema. Akikataa kuja makusudi, karatasi hiyo inakuokoa, kwa sababu aliyeitwa na baraza akagoma ni mojawapo ya hali ambazo sheria inaruhusu uende mahakamani bila usuluhishi.

Hali nyingine ni hizi: umetelekezwa na hujui mwenzako aliko; anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili ya kurudi ndani ya miezi sita; amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano; una madai kwamba ana ugonjwa wa akili usiotibika; au mahakama yenyewe imeridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yasiyowezesha kwenda barazani.

Hilo la mwisho naliwekea mkazo kwa anayepigwa. Usikubali kukalishwa chumba kimoja na mtu aliyekutishia panga, eti kwa sababu sheria inataka usuluhishi. Nenda kwanza Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, upate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, utibiwe Sekou Toure au kituo kilicho karibu, na karatasi za matibabu uzitunze. Halafu muombe wakili au msaidizi wa kisheria akusaidie kuieleza mahakama kwa nini baraza halikuwezekana. Na ukisikia mtu anasema mume ana haki ya kumrudi mkewe, mwambie kifungu cha 66: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kimeandikwa tangu 1971.

"Nina sababu ya kutosha?"

Sheria inauliza jambo moja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Kifungu cha 107 kinataja yanayoweza kuonyesha hivyo, kama uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutokujali kwa makusudi, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa muda kama huo, kifungo kirefu. Orodha hiyo haijafunga mlango, hakimu anatazama maisha yenu kwa jumla.

Usiseme "ananitesa". Sema alifanya nini, lini, nani aliona. "Amekuwa akinifungia nje, jirani wa chumba cha pili alinipokea" inabeba uzito kuliko saa nzima ya kulia.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, kifungu cha 100 kinazuia kuomba talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa kwa kuonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida. Na kama wote wawili mmekubaliana, bado hakimu hagongi muhuri tu. Kifungu cha 108 kinamtaka achunguze madai yenyewe.

"Kila kitu kina jina lake. Nitaondoka mikono mitupu?"

Hili ndilo swali linaloletwa kwangu kuliko mengine yote, na ndilo ninalolionea uchungu zaidi, maana watu wanapoteza haki yao kwa kutojua namna ya kuieleza.

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Inatazama desturi za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyoyaingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kutazama hayo, inaelekea kwenye mgawo sawa. Kuelekea tu. Nusu kwa nusu haiji yenyewe.

Upande wa pili kuna kifungu cha 60: mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Kwa hiyo jina lake kwenye leseni ya mtumbwi halikumalizi, ila linakutwika wewe kazi ya kuleta ushahidi.

Je, kama hukuwa na biashara wala mshahara? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya juhudi za kuchuma mali. Kupika, kulea, kuosha, kuuguza, kumpa mwenzako nafasi ya kwenda kutafuta, vyote vinahesabika. Tangu hapo hakuna anayepaswa kukuambia "ulikuwa unakula tu". Lakini ukubwa wa fungu lako unategemea ulichothibitisha, na hapo ndipo kina mama wa ziwani wanapojinyima wenyewe.

Chukua mke wa mwenye mtumbwi. Akiulizwa na hakimu alichangia nini, anajibu, "Tulichuma pamoja." Akiulizwa tena, anarudia hivyohivyo. Kumbe huyu mama alikuwa anawapikia wavuvi wote wa kambi kila giza, bila mpishi wa kulipwa. Alikuwa anaanika dagaa, anawageuza, anawaokoa mvua ikitishia, anawasafirisha mpaka Kirumba, anapatana bei na wanunuzi, anarudi na fedha ya mafuta na ya kununulia nyavu. Mashine ya mtumbwi ilinunuliwa baada ya yeye kuuza ng'ombe wawili aliopewa na baba yake. Hayo ndiyo ya kusema, moja baada ya jingine, kwa mwaka na kwa kitu.

Nikiwa na mtu wa namna hii namkalisha na daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mali. Juu anaandika mali yenyewe: nyumba ya vyumba vinne Buhongwa, mtumbwi na mashine, taa na betri, shamba Misungwi, pikipiki, hisa za kikundi. Chini yake anajibu: ilipatikana mwaka gani, kwa fedha iliyotoka wapi, mimi nilifanya nini, nani anajua, karatasi gani ipo. Kisha tunaanza kutafuta. Kitabu cha kikundi cha kukopa kinachoonyesha mkopo uliochukua wiki ile ile matofali yalipofika. Taarifa ya miamala ya simu, ambayo kampuni ya simu itakupa ukiiomba kwa laini yako. Risiti ya mabati, hata kama ina jina lake, maana mwenye duka anaweza kukukumbuka wewe ndiye uliyelipa. Fundi aliyejenga, aliyekuwa anachukua fedha mkononi mwako. Mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano. Picha za zamani za nyumba ikiwa kwenye msingi na wewe umebeba ndoo.

Anza kukusanya haya mkiwa bado mnaishi pamoja, kama inawezekana kwa usalama. Piga picha karatasi, umpe mtu unayemwamini azitunze. Usiibe hati halisi, itageuzwa kuwa kesi juu yako.

Kuna mali zinazosumbua zaidi. Nyumba za mlimani kwetu, Mabatini, Igogo, Isamilo juu kwenye mawe, nyingi hazina hati miliki, zina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi, usiidharau. Hofu kubwa ni kwamba ataiuza kabla ya kesi. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa ina hati, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Ikiwa haina, andika barua kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa kwamba nyumba ile ni ya ndoa na hujaridhia iuzwe, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mnunuzi wa Mwanza kwa kawaida hutaka serikali ya mtaa ishuhudie mauziano, kwa hiyo barua hiyo inasaidia. Shauri likishafunguliwa, omba mahakama itoe amri ya zuio la muda. Benki nayo haipaswi kuchukua nyumba ya ndoa kuwa dhamana bila ridhaa yako. Kama kuna sahihi yenye jina lako ambayo hukuiweka, liseme mapema.

Nyumba aliyokuwa nayo kabla ya kukuoa ni yake, isipokuwa kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na wewe au kwa juhudi zenu wote. Alikuwa na banda la udongo, mkaligeuza kuwa nyumba ya tofali yenye umeme na kisima: hiyo inaingia kwenye mgawo. Shamba je? Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inasema mwanandoa aliyetia nguvu zake kwenye ardhi iliyo na hatimiliki kwa jina la mwenzake, akailima, akaitunza na kuiendeleza, anapata maslahi ndani yake kwa sababu ya kazi hiyo.

Nyumba iliyojengwa kwenye eneo la baba mkwe, Kwimba au Sengerema, ina ugumu wake. Mahakama hugawa mali za wanandoa, haiwezi kugawa za mzee. Ushauri wangu: dai thamani ya jengo, leta wanaojua gharama zilitoka wapi, na kama mzee aliwapa kiwanja kile mbele ya watu, waite watu hao waseme.

Na madeni, mpendwa. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya nyavu au karo uandike kwenye daftari lilelile. Ukiuficha, utabaki nao peke yako wakati mali iliyonunuliwa kwa mkopo huo imegawanywa.

"Hatukufunga ndoa, tuliishi tu"

Kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawaone ni mume na mke, kuna dhana kwamba walioana kihalali. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa mfano ikionekana mmoja alikuwa na ndoa ya Kikristo inayoendelea. Hata ikipingwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine pia. Kwa hiyo usijiite "hawara" mahakamani. Leta majirani, kadi ya kliniki yenye jina lake, mkataba wa pango mliosaini wote. Na barazani uende kama walioana wanavyokwenda.

"Watoto ni wa ng'ombe?"

Kwetu usukumani neno hili lina uzito. Mzee anasema: ng'ombe walitoka zizini kwangu, watoto ni wa ukoo wangu. Sheria haijaifuta desturi, imeiweka nyuma ya jambo kubwa zaidi. Kifungu cha 125 kinasema kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama inatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamwezesha kusema, na desturi za jamii. Mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kuamini kwamba ni vema akae na mama yake, na anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwa nini isiwe hivyo.

Kina baba, hili lisiwakatishe tamaa. Baba anayejua jina la mwalimu wa mtoto wake, anayempeleka hospitali, ana watu wa kumsemea, husikilizwa. Na asiyepewa malezi anabaki mzazi: omba siku za kuonana ziandikwe, likizo ya mwezi wa sita kwa nani, ya mwezi wa kumi na mbili kwa nani. Ombi la "niwaone nikitaka" huzaa ugomvi mlangoni.

Hakimu anaweza kumtaka afisa ustawi wa jamii atembelee nyumbani na kuleta taarifa. Mkaribishe na umweleze kwa utulivu. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Maafisa hawa wanalitambua haraka, na mtoto hubeba mzigo huo muda mrefu kuliko ninyi mnavyodhani. Hilo nawasihi sana.

Matunzo ya watoto, chini ya kifungu cha 129, ni wajibu wa baba kwanza: malazi, mavazi, chakula, elimu. Mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Usiombe "matunzo" kwa jumla. Andika kwa mwezi: chakula, chumba, sare, michango ya chakula shuleni, nauli, matibabu. Kwa mvuvi kipato hupanda na kushuka, kwa hiyo omba kiasi cha mwezi unachoweza kukitetea, ulete mtu anayejua anavyouza kila giza. Baadaye hali ikibadilika, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba amri ibadilishwe.

"Nifungue wapi, na naandika nini?"

Kifungu cha 76 kinakupa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Wengi wetu tunaanzia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na gharama ni ndogo. Kama mali ni nyingi na zenye mabishano, zungumza na wakili kwanza kuhusu Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kwa wa Ukerewe, piga hesabu ya kivuko na malazi kabla hujachagua mahakama ya mjini.

Ombi lako lieleze ndoa ilifungwa lini na wapi, majina, umri na jinsia ya watoto, kama kuna shauri lolote la ndoa lililowahi kufunguliwa, madai yako makuu, na kama mlikubaliana chochote kuhusu mali na matunzo. Kama hamkukubaliana, andika mapendekezo yako. Sehemu hii watu huiacha tupu. Usipotaja shamba la Misungwi kwenye ombi, usitegemee hakimu alikumbuke. Ambatanisha hati ya baraza na cheti cha ndoa. Cheti kikipotea, fuatilia nakala RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo na ndoa, au pale ndoa ilipofungwa.

Fedha ikiwa kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu ni bure. Anayejiita msaidizi wa kisheria akakudai "ya kumwona hakimu", ondoka, na umripoti.

Mwenzako akipelekewa wito na asitokee, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, ila lazima kuwe na uthibitisho kwamba aliupata. Wewe usikose tarehe hata moja bila taarifa, shauri linaweza kufutwa.

Siku ya hukumu, kabla hujaondoka, omba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka kwa maandishi. Uliza papo hapo muda wa rufaa ni siku ngapi na unaanza kuhesabiwa lini, kwa sababu ni mfupi. Aliyeamriwa kulipa au kukabidhi asipotii, usiende kuvunja mlango na ndugu zako. Rudi mahakama ile ile uombe kukazia hukumu. Talaka isajiliwe RITA. Ukienda benki, ardhi, shuleni kwa mtoto au bomani kufunga ndoa nyingine, beba nakala yenye muhuri wa mahakama, na nakala ya pili iache kwa mtu mwingine nje ya nyumba unayoishi.